Jiko la Bibi Mshairi
Mtunza funguo wa jumba la kale alikoishi bibi mshairi, nje kidogo ya mji wa Lublin, hufuta kila ufunguo kwa aproni kabla ya kufungua mlango. Huwaambia wageni wanaofika kwa miguu, kwa sauti yake ya kukwaruza, "Bibi mshairi aliandikia jikoni, si maktabani." Miaka ishirini Profesa Gawroński amemcheka mbele yao kwa maneno hayo. Leo amekuja peke yake, viatu vimejaa matope, mkononi ana barua ya marehemu mshairi iliyopatikana juzi.

"Mama, soma mwenyewe."

Akasoma polepole, kidole kikifuata mistari: "Naandikia jikoni. Maktabani baridi inaniua."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Haya, profesa, pita jikoni ukae. Leo nafundisha mimi."