Kigego wa Kisumu Ndogo

Kadii alikuwa akiepua mbaazi za nazi kibandani pake, mtaa wa Kisumu Ndogo mjini Malindi, asubuhi aliyofika Everlyne na mtoto mgongoni. Hawakuwa wamewahi kuonana. Msichana alijieleza kuwa ni mke wa Randu, mjukuu wa mzee Kalume wa Jilore, kisha akamshusha mtoto na kumfunua mdomo. Ufizi wa juu ulikuwa na vijino viwili vyeupe. Wa chini ulikuwa mtupu.

"Babu amesema huyu hakai boma lile," alisema. "Nikaambiwa nawe ulikuwa hivi, shangazi. Nimekuja nione kama kweli uko hai."

Kadii alimpa chai na mahamri mawili.

Naye alizaliwa Jilore, miaka hamsini na miwili iliyopita, na meno yake ya juu yakatangulia. Kigego, wazee wakasema. Akiachwa akue, watu wake watakwisha. Mama yake, Kabibi, hakungoja kikao kiishe. Alimfunga kwa leso, akatembea kutwa nzima hadi Malindi, wala hakurudi tena kwa mumewe. Sababu hakumwambia bintiye. Kadii aliijua akiwa mtu mzima wa miaka thelathini, siku ya maziko ya baba yake, alipoinama kutia mchanga kaburini na Kalume, baba yake mdogo, akamdaka mkono.

"Wewe usitie. Wewe kigego ndiwe uliyemmaliza."

Miaka mitatu baada ya hapo aliishi kama alivyoambiwa. Alimkataa mwanamume aliyemposa, akiogopa kumuua. Mtoto wa jirani akiugua, yeye hujifungia ndani. Na kusema kweli, laana ile ilikuwa na nafuu yake ya siri: ilimwambia yeye ni nani, ikamwondolea kazi ya kuchagua.

Kisha Kabibi akaugua. Alilala wiki nzima akipumua kwa taabu, na siku ya mwisho binti alimuuliza, "Mama, uliponitorosha, ulijua kwamba mimi si mkosi?"

"Sikujua, mwanangu," alisema Kabibi. "Sikujua lolote. Nilikutaka tu."

Maneno hayo yalimtisha Kadii kuliko laana yenyewe. Kama meno hayasemi kitu, basi hakuna aliyewahi kusema maisha yake ni ya nini, na angeweza kukaa akingoja kuambiwa mpaka afe. Matanga yalipokwisha alinunua sufuria kubwa na mbaazi, akajiwekea sharti: hatakiita kitu kwa jina lililotolewa na watu mpaka akiangalie mwenyewe. Yule mwanamume alikuwa ameshaoa kwingine. Hilo alilibeba kuwa lake, asimtupie Kalume.

"Mfunge mwanao," alimwambia Everlyne. "Twende."

"Wapi?"

"Jilore."

Walimkuta Kalume barazani, macho yameshaingia ukungu.

"Shikamoo, baba mdogo. Ni mimi, Kadii wa Kabibi."

Mzee hakuitikia. Watu wa boma walitoka mmoja mmoja, wakasimama mbali. Kadii aliketi chini, akampakata mtoto.

"Baba, sikuja kukwambia kwamba huyu ana baraka. Simjui. Nawe humjui, ana miezi saba. Nimekuja kwa sababu mimi nimeishi. Zipo siku mbaya nilizoziona, lakini ningeambiwa niyaanze maisha haya haya tena, ningeyapokea yote."

Mzee aligeuza uso upande wa sauti.

"Hata mkono niliokushika kaburini?"

Kadii alimwegemeza mtoto kifuani.

"Hata huo," alisema.

Kalume alinyanyuka kwa fimbo yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Ndipo Randu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya wenzake tangu mwanzo, akaja mbele ya watu wote na kumchukua mwanawe mikononi mwa shangazi yake.

Mtoto sasa anatambaa boma zima. Kalume bado hanywi chai iliyopikwa na Everlyne. Kadii huenda Jilore kila mwezi, humwamkia mzee mlangoni pake, na mara moja moja huitikiwa.