Mwaka Usio na Mbuzi

“Kama ushuru iko, bati iko wapi?”

Aliyeuliza ni mama mmoja aliyetoka kijiji cha Lobule, katika soko dogo upande wa Koboko, akifunika muhogo wake mkavu kwa kitenge maana paa lilikuwa linavuja. Mkusanya ushuru alilamba kidole, akachana risiti. “Mama, bajeti haitoshi. Lazima sisi naongeza.”

Chuoni nimeshinda midahalo ya bajeti, lakini pale nilimkumbuka bibi yangu. Enzi zake kila muuzaji alitoa kikombe cha simsim, yaani ufuta, siku ya soko. Msimu ukiisha, wanawake waliiuza, wakanunua mbuzi, wakala pamoja. Mwaka paa la soko lilipotoboka, bibi alisimama: “Mwaka hii hakuna mbuzi. Nanunua bati.”

“Wewe mama mchoyo!” walimzomea, huku wakicheka. Bati likanunuliwa. Mimi nililia kwa kukosa nyama, lakini nililia mahali pakavu.

Siku hizi tunaongezewa kikombe, na mbuzi wa wakubwa anachinjwa vilevile.

Kaka mkusanya ushuru, ukirudi ofisini, tafadhali waombe wakose mbuzi mwaka mmoja tu. Muhogo wa yule mama unaloa.