Amon Alisimama Palipoungua

Huko Ruaha, kando ya Kidodi, mtu akitaka kujua kama miwa itachomwa jioni hiyo hakuangalia mawingu, alimwangalia Amon. Amon akichota vumbi, akaliachia taratibu vidoleni na kutikisa kichwa, kila mtu alirudi nyumbani. Akinyamaza, viberiti vilitoka.

Kazi ya kuchoma miwa kabla haijakatwa aliianza mara tu alipomaliza darasa la saba, ikamkolea kama moshi ulivyokolea mashati yake. Wageni wa kazi aliwafundisha jambo moja tu: "Moto ukikugeukia, usikimbie mbele yake. Huna mbio hizo. Tafuta mwanya, vuka, simama palipokwisha kuungua." Kuna msimu upepo uligeuka ghafla, akamburuta Goodluck, mmoja wa wageni hao, na wenzake hadi kwenye majivu. Goodluck alipoteza ndala na nyusi, akabandikwa jina la Kipara wa Macho. Wote walitoka wazima, ndiyo maana utani ulidumu.

Dada yake mkubwa, Yusta, aliishi Kilosa mjini, akifundisha katekisimu parokiani. Wiki ile alikuwa anakwenda Ruaha kwenye kipaimara cha Fausta, binti wa Amon, na gauni jeupe alilomshonea lilikuwa begini tayari. Aliposikia redioni kwamba watu wanaandamana sehemu kadhaa, alimpigia simu mdogo wake.

"Njoo tu, dada. Nitakupokea Mikumi na pikipiki. Ukikuta watu wamejaa, usisimame kushangaa kama mtalii aliyeona tembo."

Yusta alimkuta njiapanda ya Mikumi, kwenye kibanda cha Mwamvua, mama lishe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Wewe ndiye umenenepa, sasa kila mtu unamwona mwembamba."

Chai haijapoa, watu wakaijaza barabara. Mwanzo waliimba. Kisha matairi yakawashwa, mawe yakalia kwenye mabati, mabomu ya machozi yakajibu. Pikipiki haikuwa na pa kupita. Mwamvua alikwisha kuingiza mabenchi.

"Ingieni, nafunga mlango!"

Yusta aliingia. Amon alibaki nje akitazama moshi. Aliinama, akachota vumbi, akaliachia.

"Dada, toka humo. Mbao na makuti, moto ukigeuka mtaiva humo ndani." Akanyoosha mkono barabarani, mahali ambapo matairi ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuungua. Lami ilikuwa nyeusi, na hapakuwa na mtu. "Twende pale. Moto haurudi ulikokwisha kula."

"Wewe kaka, hao si moto, hao ni watu!" Mwamvua alimfokea.

"Amon, ingia. Ingia, nimesema."

Amon alimtii dada yake katika mambo mengi, lakini kwenye moto hakumtii mtu. "Nakutangulia uone," alisema. "Halafu unifuate."

Mwamvua alifunga. Kwa upenyo wa mbao, Yusta alimwona mdogo wake amesimama kwenye majivu, mikono mitupu, akimwita kwa kiganja, polepole, kama alivyowaita wageni wa kazi. Waandamanaji walikuwa wamerudi nyuma, na waliokuwa wakiwafukuza walifika kwanza pale palipowashwa matairi. Aliyesimama pale alikuwa mmoja tu. Risasi ikalia. Nani aliifyatua, hadi leo hakuna aliyemwambia Yusta.

Hakulia pale, wala msibani. Watu walimpa uji, akanywa. Walipomwambia alale, alijilaza. Alisali rozari, punje zikapita vidoleni kama mahindi ya mtu mwingine. Fausta alipokea kipaimara akiwa na gauni lile, na Yusta aliitikia sala zote bila kusikia sauti yake mwenyewe. Mungu alikuwepo, hilo hakulitilia shaka. Alikuwepo tu, kama ukuta.

Wengine walinong'ona kwamba Amon alikuwa mwandamanaji. Wengine walisema angetumia akili angekuwa hai. Yusta hakubishana nao. Akili aliitumia, ndiyo iliyompeleka pale.

Hakurudi Kilosa haraka. Jioni moja yeye na Tumwagile, mjane wa Amon, walikuwa wakitoka kutafuta kuni kwa barabara ya vumbi ya kando ya shamba lililokuwa likichomwa. Siku hizo aliyechota vumbi alikuwa Goodluck. Upepo ukageuka. Miwa ikaanza kulia, moshi ukawajia.

"Vukeni! Huku kwenye majivu!" Goodluck alipaza sauti.

Tumwagile alitupa kuni na kuvuka. Yusta aliganda. Aliusikia moto, aliona palipoungua, pameachwa wazi, peusi.

Tumwagile alirudi, akamshika mkono kwa nguvu.

"Wifi, hapa ni shambani. Unanisikia? Hapa ni shambani."

Yusta alivuka. Majivu yalikuwa ya moto chini ya ndala zake. Aligeuka kwanza kutazama barabarani, kama kuna watu wanakuja. Barabara ilikuwa tupu. Goodluck, yule asiye na nyusi, alikuwa akiwaita wasogee zaidi, kwa kiganja, polepole.

Akasogea.