Nyota Nilizoachiwa

Kiangazi kile nilishinda mara tano mfululizo, na sidhani kama nimewahi kuwa mjinga kiasi kile maishani mwangu.

Mchezo wenyewe ni wa kuteka anga. Rafiki yetu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliujua alipokuwa chuoni, na aliporudi Sumbawanga akawa hana wa kucheza naye. Akaja dukani kwangu na faili lenye kurasa nyingi. Mimi nina steshenari ndogo karibu na stendi: naprinti, natoa kopi, nafanya lamineshi, naandika barua za watu wasiotaka kuandika wenyewe. Ilituchukua wiki mbili kuchapa vile vipande vya pembe sita, kila kimoja na nyota yake na sayari zake, na kuvibandika juu ya maboksi ya sabuni. Meli zetu zilikuwa vizibo vya soda, askari wetu punje za mahindi. Sheria zilikuwa za Kiingereza, kurasa thelathini na kitu. Mwalimu alizieleza na mimi nikazichapa upya kwa Kiswahili, nikazitia na jalada kabisa.

Unaanza na sayari moja, ambayo sisi tuliiita nyumbani. Kutoka hapo unasambaa, unachukua sayari zisizo na mtu, unafanya biashara, unawekeana mikataba na majirani, unapiga kura barazani, halafu mwisho wa yote mnapigana kwa dadu. Tulikuwa tunaanza Jumapili baada ya misa ya kwanza, sebuleni kwa mwalimu, na jua likizama tulikuwa bado tunabishana. Mke wake hakucheza. Alituletea chai, na mchana ugali na migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kasanga, akatucheka tulivyokodoa macho kwenye maboksi.

Tulikuwa wanne. Mwalimu, mimi, nesi mmoja ambaye nilikaa naye dawati moja tangu darasa la tano, na mfanyabiashara wa ng'ombe, mtoto wa Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na mifugo yao. Huyu wa ng'ombe ndiye aliyekuwa na mdomo. Nikitupa dadu vizuri ananiuliza, "We Mfipa, hizo dadu umezipeleka kwa nani zikafanyiwe kazi?" Na mimi namjibu, "Hebu hesabu meli zako vizuri Msukuma, hizo si ng'ombe, hazizaani."

Mwalimu hakuwa na huruma mezani. Kuna siku nesi alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba, amechoka, akamwomba mkataba wa amani wa raundi mbili tu apumue. Mwalimu akakubali, wakapeana mikono. Raundi iliyofuata akamchukulia sayari tatu. Nesi alimsusia wiki nzima, na mwalimu akasema mchezo ni mchezo. Kwa miaka miwili alitupiga yeye, na mimi nilikuwa wa tatu au wa mwisho. Sikujali sana. Nilipenda kukaa pale.

Sasa niseme habari ya shamba, maana bila hilo hakuna kisa. Mama yangu alifariki mwaka uliotangulia. Alikuwa na shamba bondeni, nyuma ya Kizwite, linalopakana na kijito, na mimi ndiye niliyelilima naye tangu nikiwa mdogo. Kaka yangu jembe halijui. Siku chache kabla hajafa, mama aliniita karibu na kitanda pale wodini akasema, "Lile la bondeni ni la huyu." Kaka alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Rafiki yangu nesi alikuwa upande wa pili anabadilisha dripu. Hakuna aliyeandika chochote. Mimi ninayeshinda kutwa nikiwaandikia watu barua na mikataba sikuandika hata mstari mmoja, kwa sababu niliona aibu kushika kalamu mbele ya mama anayekufa.

Nilikuwa na miaka thelathini na nane, sijaolewa, nalipia pango la duka na pango la chumba. Nilikuwa nimepanga kujenga vyumba viwili kule juu karibu na njia, na chini niendelee kulima. Sikuwa na kitu kingine duniani cha kuita changu. Machi nilifanya matuta yangu ya mviringo, ntumba, kama tunavyofanya sisi: unafukia majani chini ya udongo mvua zikielekea kwisha, yaoze, uje uyasambaze msimu mpya ukianza. Ukishamaliza hapo, shamba linabaki peke yake mpaka Novemba, na sikuwa na sababu ya kwenda kulichungulia.

Juni upepo ukaanza, ule wa kutufanya tuvae sweta mbili, na Jumapili moja nikashinda.

Nakumbuka kila kitu. Mwalimu alipeleka meli zake zote upande wa nesi akaacha nyumbani kwake punje mbili tu za mahindi. Nilitazama zile punje mbili, nikamtazama yeye, nikadhani ni mtego. Nikaingia hivyo hivyo. Hakukuwa na mtego. Akanipa mkono akasema, "Leo umenikamata, dada." Nilirudi kwangu kwa miguu nikitabasamu peke yangu barabarani.

Wiki iliyofuata nikashinda tena. Nikanunua daftari nikaanza kuandika mbinu. Naomba mnielewe, mtu mzima mwenye duka nilikaa chini nikaandika: siri ni subira, siri ni kutoanza vita mapema, mwalimu ana pupa. Wateja wangu nao niliwasimulia, watu waliokuja kupiga picha za pasipoti, hawajui nazungumzia nini, nao wakanipongeza. Kila kura ikipigwa barazani nesi alinipigia mimi. Nikasema moyoni, kumbe na uongozi ninao.

Niliposhinda mara ya tatu, yule wa ng'ombe alisukuma vizibo vyake katikati ya meza.

"Mimi basi," akasema. "Huu si mchezo tena, huu ni msiba."

Akatoka. Jumapili iliyofuata akasema ana mnada, na iliyofuata tena ana mnada. Nikamcheka mbele ya wenzangu, nikasema Msukuma hawezi kushindwa na mwanamke. Hawakucheka. Tukaendelea watatu, Jumapili nyingi tukikosa kukutana, nikashinda ya nne, nikashinda ya tano.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lingenifungua macho kama ningetaka kufunguka. Mwalimu alichapa kila kitu kwangu, mitihani, barua, hata kadi za mchango wa harusi ya mdogo wake. Lakini mwezi ule wa Juni nilimwona anatoka steshenari ya ng'ambo ya barabara na bahasha ya kaki kwapani. Nikampigia kelele, "Mwalimu, umenihama?" Akasema kwangu kulikuwa na foleni. Kwangu hapajawahi kuwa na foleni tangu shule zifungue. Nikacheka, nikaendelea na kazi.

Septemba, siku ya Jumatatu asubuhi, mke wake akaja dukani.

"Habari za asubuhi, dada. Nitolee kopi tatu, mwenyekiti wa mtaa anazihitaji."

Akanipa karatasi nikailaza kwenye kioo bila kuisoma, maana karatasi za watu huwa sisomi. Kopi ya kwanza ikatoka, macho yakaangukia katikati yake. Kaskazini limepakana na kijito. Mashariki limepakana na shamba la mzee fulani, na huyo mzee ni jirani yangu, nilikuwa namwamkia shikamoo kila nikienda kulima. Nilijua kabla sijafika kwenye majina. Muuzaji, kaka yangu. Mnunuzi, mwalimu. Na pale penye shahidi, sahihi yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kujipiga mstari chini, sahihi ambayo nesi mwenyewe alijifunzia kwenye dawati letu tukiwa darasa la sita. Tarehe ilikuwa Alhamisi. Jumapili yake ndiyo niliyoshinda mara ya kwanza.

Nikatoa kopi ya pili. Nikatoa ya tatu. Nikazibana pini.

"Hongereni," nikamwambia.

"Asante dada, jamani. Tumechoka kupanga."

Yule mama alikuwa hajui lolote, ilionekana usoni. Alidhani nampongeza kweli.

Nikampigia kaka simu. Alisema mimi ni wa kuolewa, na mali ya ukoo haiwezi kwenda kwa mume wa ukoo mwingine. Nikamuuliza mume yupi, anionyeshe na mimi nimwone. Nikamuuliza na mwalimu ni wa ukoo gani. Akakata. Siku mbili baadaye nilikwenda kwenye baraza la kata, na mzee aliyenisikiliza alikuwa mtu mwema, aliniwekea kiti. Akaniuliza, "Mama yako aliposema hivyo, nani mwingine alikuwepo?" Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumtaja, naye alikuwa ameshatia sahihi upande wa pili. Nikamshukuru mzee nikaondoka.

Jumapili nilikwenda kucheza kama kawaida.

Sikwenda kwa ujasiri. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuwaona kwa macho yangu wakifanya. Na wakafanya. Nilikaa pale na kikombe cha chai, sikutupa macho kwenye nyota hata mara moja, nikatazama mikono yao tu. Mwalimu, aliyemnyang'anya mjamzito sayari tatu, aliinua meli nne kutoka mlangoni kwake akazipeleka kona ambako hakuna kitu. Nesi alikuwa na zamu nzuri ya kunipiga, akaipita. Nikafanya kosa kubwa kwa makusudi, nikaacha nyumbani kwangu hakuna hata punje. Mwalimu aliona. Nilimwona akiona. Akageukia upande mwingine akajikohoza.

Nikaweka dadu chini.

"Shamba la mama yangu mmelipimaje?" nikauliza. "Kwa hatua au kwa kamba?"

Jikoni mke wake aliacha kuosha vyombo.

Mwalimu alitangulia kusema, na alisema kwa upole, ule upole anaowapa wazazi wa wanafunzi waliofeli. "Dada, kaka yako alikuja mwenyewe. Ningekataa angeuza kwa mtu mwingine, pengine mgeni kabisa. Alituambia mmekaa mkaelewana. Sisi tulijua umeridhia."

"Kweli kabisa," nesi akasema. Alikuwa ameshaanza kulia. "Alituapia kwamba umeridhia."

"Wewe ulikuwepo wodini," nikamwambia.

"Nilijua mmezungumza tena baadaye. Mambo ya familia, mimi ningeingiaje?"

"Sawa. Mlijua nimeridhia." Sauti yangu ilikuwa imetulia, hata mimi nilishangaa. "Sasa kama mlijua nimeridhia, mbona mlikuwa mnaniachia nishinde?"

Mwalimu akaokota kizibo kimoja akakigeuza, akakirudisha palepale. Nilisubiri. Ningeweza kusubiri mpaka usiku. Mwishowe nesi, rafiki yangu wa miaka ishirini na nane, akajifuta pua kwa kanga akasema, "Tulitaka na wewe upate kitu."

Nilichukua sweta yangu. Mke wa mwalimu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na mikono yenye povu, akinitazama mimi, kisha akamtazama mumewe, na katika watu wote wa nyumba ile ni yeye peke yake niliyemuaga.

Watu huniuliza kwa nini sikuvunja kitu. Nilitamani. Kwa wiki kadhaa nilikuwa na hasira ya kunifanya niharibu karatasi za wateja, nikichapa jina hili kwenye cheti cha yule. Shamba liliniuma, linaniuma hadi leo. Lakini nikisema ukweli, jambo lililokuwa likiniamsha alfajiri lilikuwa ni lile daftari. Nilikuwa nakumbuka nilivyoandika "mwalimu ana pupa" nikapigia na mstari. Walikuwa wanapeana ishara gani nikiwa nimeinamia ubao? Walikubaliana kwa maneno, au kila mmoja alijionea tu kwamba hivi ndivyo inavyofaa? Wa ng'ombe angalau alishindwa kuvumilia akaondoka. Naye hakuniambia.

Mwezi wa kumi na moja mawingu yakaanza kukusanyika, na siku moja nikiwa dukani kwenye simu ukaingia ujumbe kutoka kwa mwalimu. Hatukuwa tumesemezana tangu ile Jumapili. Aliandika: Dada pole na kazi, msimu huu unaweza kulima kama kawaida, msingi tutaanza mwakani.

Nilianza kumjibu. Niliandika maneno ambayo sitayarudia hapa, nikayafuta. Nikaandika mengine, marefu zaidi, juu ya mama na juu ya wodi, nikayafuta hayo pia. Mteja akaja nikamhudumia, akaondoka. Chumbani nilikuwa na ulezi wa mbegu nusu debe na mahindi ya kufika Januari, basi. Kule bondeni majani niliyoyafukia kwa mikono yangu yalikuwa yameshaoza vizuri, yananisubiri, na mvua ikinyesha haimuulizi mtu karatasi.

Nikaandika: Asante, mwalimu. Nikatuma. Kesho yake nikafunga duka mapema, nikaenda kununua mpini mpya wa jembe.