Fotei ya Commandant

Wakati ya vita, batu ya Butembo tulijua kazi mbili: kukimbia na kungoja. Mimi niliongeza ya tatu, kupiga picha, na appareil ya zamani yenye marehemu mujomba alituachia. Nilikuwa musichana mwenye kumaliza masomo, kichwa nguvu, na nilipiga picha ndani ya parcelle yetu tu, juu ukitoka inje na appareil, kila mwenye bunduki anakuita espion, mupelelezi. Donc nilikuwa artiste mukubwa ya parcelle. Nilipiga kamba ya nguo. Nilipiga sufuria ku mafiga. Nilipiga kuku yenye kulala.

"Filimu inaisha juu ya kuku?" Mama aliniuliza. "Unaniona mi hapa, unaona kuku?"

Baba yangu alikuwa anauzisha maharagi. Alipanda ndege na mizigo yake, akaenda Kisangani kwa siku kidogo, akisema atarudia mbio. Mara bakubwa bakagawana inchi kama mukate, na Baba akabakia mu kipande ingine. Barabara, hapana. Habari ilipita kwa mutu mumoja tu: Hadji mumoja ya Beni, mufanya biashara, mwenye alipandia ndege ndogo ku Mavivi na chumvi na sabuni. Majeshi yote ilimuacha apite, juu ata waasi banaoga, siku zingine.

Mama aliogopa kitu kimoja: Baba atachoka kungoja, atatufuata kwa miguu kupitia pori, na bataniulia bwana yangu mule ndani, alisema. Njo akapata mupango. Tumutumie picha. Aone tuko muzuri, atulie kule mpaka barabara ifunguke.

Muzuri wapi? Basoda balikuja na bunduki kututembelea, bakaona viti yetu inapendeza, bakaenda kuitembeza na yenyewe mpaka leo. Mu salon yetu kulibakia mukeka na alama ya viti ku ukuta. Mama akaanza kuazima. Fotei, kiti ile ya mito minene, ilitoka kwa fundi ya mbao, jirani yetu. Radio ilitoka kwa mwalimu ya katekisimu. Shangazi yangu akaleta kitenge mupya na mbuzi.

"Mama, mbuzi mu salon?"

"Ikibakia inje, baba yenu atajua namna gani tuko na mbuzi?"

Basi nilipiga. Mama mu fotei, radio ku magoti, wadogo yangu wamesimama nyuma kama banangoja hukumu, mbuzi pembeni. Hakuna mwenye alicheka. Kwetu, mwenye anaonyesha meno mu picha, banasema hana mambo ya kufikiri. Filimu ikaenda kusafishwa Uganda: bo banatuletea basoda, sisi tunabapelekea filimu. Picha iliporudia, Mama aliiangalia sana, akasema, "Eh! Kumbe tuko batajiri." Hadji akaipeleka.

Alirudia kisha mvua yote kuisha. Alisimama mu kiwanja, anaangalia viatu yake.

"Hadji, bwana yangu anasema nini?"

"Mama, amenituma tu. Maneno hapana ya mimi."

"Sema."

"Anasema asante kwa picha. Anasema usalimie commandant."

"Commandant gani?"

"Ule mukubwa ya basoda mwenye alikununulia fotei."

Mama alicheka kwanza, kicheko ya mbaya. Hadji akamaliza haraka, juu alitaka kutoka: Baba anasema, barabara ikifunguka, tusimungoje, hatakuja kula kwa jasho ya musoda. Mama akakaa ku mukeka. "Nililala njaa juu yeye alale usingizi," akasema. "Ameniumiza. Ameniumiza sana." Mi nilikasirika mpaka nilitaka kumutupia Baba mawe, mais Kisangani iko mbali.

Nikachukua filimu yenye ilibakia. Nikaambia Mama: kila kitu na mwenyewe. Tutamuonyesha commandant wote.

Nilianza na fundi ya mbao, aketi mu fotei yake, kwake, muke yake nyuma, mukono ku bega ya bwana, ili hakuna mutu apate mawazo ingine. Fundi akatoka amevaa koti, kravati, na miwani ya jua. Mungu wangu! Commandant mwenyewe! "Utaniharibia Mama yangu," nilimuambia, nikatosha ile miwani kwa nguvu. Mwalimu ya katekisimu alikubali kushika radio, mais na rozari juu yake, hakuna anayejua juu ya nini. Mbuzi ya Shangazi ilikuwa imeisha kuliwa ku Pasaka, donc Shangazi akasimama na ngozi, uso ya matanga.

Mwisho, Mama. Nilimuambia avae kitenge. "Aka! Anione vile niko." Alisimama mu salon tupu, na nguo ya shamba, udongo ku miguu, pale fotei ilikuwa.

"Onyesha kidogo huzuni, Mama."

"Piga, nimekuambia."

Aliangalia appareil kama iko Baba mwenyewe, na nilisikia haya kupiga, mais nilipiga. Picha ziliporudia kutoka Uganda, Hadji akachukua zote. Majibu haikuja. Mvua ingine ikanyesha, ikaisha, na Mama hakumuuliza Hadji tena kitu.

Kisha barabara ikafunguka kidogo, na siku moja mutu akatokea pande ya Eringeti, njia ya Kisangani, mukonde, miguu imevimba. Nilimutambua kwa kofia. Zile picha zilikuwa mu mufuko ya shati yake. Ya fundi, ya mwalimu, ya Shangazi ilikuwa bado mupya. Ya Mama ilikuwa imekunjika kila pande, uso yake karibu inafutika.

Mama alikuwa ku mulango. Hakumukumbatia.

"Mama wa batoto," Baba akasema.

"Karibu, Baba. Ingia. Kaa mu fotei ya commandant."

Akaingia. Akaangalia ukuta, akaangalia mukeka. Akaketi chini, pale pale fotei ilikuwa, akaweka mikono ku kichwa, akalia mbele ya batoto yake.

"Leta appareil," Mama akaniambia. "Piga ile. Kesho atakana."

Nikaleta. Nikainua.

"Ngojea kwanza," Mama akasema. Akanyoosha kitenge yake, akaenda kukaa chini pembeni yake.