Kichwa cha Perege Alichokula Shemeji Yangu

Mimi ni mwongo, na uongo wangu niliusema mbele ya sufuria. Nimekaa nao miaka mingi. Leo nautapika hapa, maana nyumbani sina wa kumwambia, nimebaki na redio tu.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa pampu kwenye shamba la mkonge karibu na Taveta. Mimi ni mtu wa Sagalla. Kwetu maji ni ya kubeba kichwani, mambo ya ziwa ningeyajulia wapi? Aliyenifundisha kuvua pale ziwa Jipe ni Mwadime, kaka wa mke wangu Wakesho. Alinipokea kama ndugu wa tumbo moja. Jumapili tukitoka kanisani tulishuka ziwani pamoja, na mimi sikutaka rafiki mwingine.

Basi ujuaji ukanipanda! Kulikuwa na injini ndogo ya pampu iliyotupwa pale shambani, nikaifufua. Nikafunga ubao kwa boliti nyuma ya mtumbwi wetu, ule mwembamba wa watu wawili, nikachomelea chuma kirefu na mwisho wake nikatia pangaboi ya kusukuma maji. Mwadime alicheka sana, akaniita profesa. Ila alinionya jambo moja: kwenye matete ni kasia tu, injini ni ya kule kwenye maji wazi. Nyavu zake zilikuwa kwenye matete. Alizisuka mwenyewe kwa mkono, msimu mzima, kila jioni baada ya kibarua.

Siku moja alfajiri alikwenda mazishini Njukini. Tulikuwa tumepatana tuijaribu injini akirudi. Mimi nikashindwa kungoja. Jamani, haraka yangu! Nikawasha, mtumbwi ukaruka, nikawa napiga kelele peke yangu kwa furaha. Kisha nikajiuliza kama itaweza kupita kwenye matete. Fundi akishajiuliza hivyo, ameshakwisha.

Pangaboi ilizikamata nyavu zote tatu. Injini ikakohoa, ikazima. Mpira wa petroli ukachomoka, petroli ikamwagika mtumbwini. Nilizikata nyavu kwa kisu. Perege walionaswa nikawatupa hapo miguuni. Nilipofika ufuoni niliifungua injini, nikaificha kichakani ndani ya gunia.

Mwadime aliporudi mchana nilimwambia nilitoka kwa kasia nikakuta kiboko amepita. Pale Jipe kiboko alikuwa jibu la kila kitu! Alichuchumaa, akazipapasa zile nyavu kwa vidole muda mrefu. Halafu akasema tule kwanza.

Pale ufuoni tulikuwa na desturi yetu. Chombo kikitengenezwa upya, samaki wake wa kwanza hupikwa palepale, na kichwa anapewa mwenye nyavu. Akikimaliza, mnaendelea kuvua pamoja. Akikiacha, kila mtu ashike njia yake.

Wakesho ndiye aliyepika. Aliniuliza mbona samaki wananuka vibaya. Pua yangu ya ufundi ilishazoea, sikusikia kitu, nikamwambia ni majani ya ziwa, aongeze ndimu. Tulipoketi nikamega sima, nikatia tonge mdomoni. Petroli tupu! Wakesho alitema pembeni. Mimi nilimeza.

Mwadime alikula kile kichwa polepole, macho, mashavu, mpaka ukabaki mfupa mweupe. Hakukunja uso. Alipomaliza alinitazama, tena kwa upole.

"Shemeji, nimekimaliza," akasema. "Sasa niambie tena. Ni kiboko?"

Ole wangu! Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu.

"Ni kiboko, haki ya Mungu."

Akanawa mikono, akakusanya nyavu zake mabegani, akaondoka. Hatukugombana hata siku moja. Aliacha tu kuja. Baadaye alihamia Mahoo, akalima ndizi. Wakesho alikuwa akienda kumsalimu, wiki, halafu mwezi, halafu hakurudi. Sikumlaumu, yeye pia alikuwa ameonja.

Miaka ilipita ndipo nikajikaza nikaenda Mahoo. Nilipanga maneno yangu njia nzima. Mwadime alitoka akiwa amezeeka, akafuta kiti kwa kitambaa, akakiweka kivulini.

"Karibu, mgeni," akaniambia.

Si shemeji tena. Nililetewa chai, tukaongea habari za mvua. Alinisindikiza hadi barabarani kwa heshima zote, na yale maneno niliyoyapanga nikarudi nayo. Mwaka uliofuata nikasikia amezikwa. Hakuna aliyenitumia habari.

Nyinyi mnaosoma, kukosea tutakosea wote. Lakini mtu uliyemkosea akikuuliza mara ya pili, huwa hatafuti habari, anazo tayari. Anakutafuta wewe. Nawasihi, msimjibu kama mlivyomjibu mara ya kwanza.