Kikombe Kisichoguswa

Jirani wa Mak Zaiton pale mjini Ipoh, kwa Wamalei, Mpalestina anayefundisha Kiarabu madrasani, akisomesha mikono yake haitulii, na chaki humjaa hadi kwenye mikunjo ya hijabu. Akitafsiri, mikono hiyohiyo huilaza mapajani isitikisike. Hatii chumvi, hapunguzi. Hata tusi hulitoa kwa sauti ileile ya salamu, na aliyetukanwa hamkasirikii yeye, humkasirikia mwenye tusi lake.

Siku Abu Wadii alipotoka Nablus kuja kumposea mwanawe binti wa Mak Zaiton, alipokea kahawa akaiweka mezani bila kuionja. Mak Zaiton akavimba. “Mwalimu, hebu muulize huyo mzee, kahawa yangu ina sumu?” Mwalimu akalitafsiri, na sumu yake ndani. Mzee akacheka, akajibu. “Anasema, kwetu mwenye haja hanywi kwanza. Nikubalie, ndipo ninywe.”

“Haya, na wewe je? Mbona chako hujakigusa? Ujirani wote huu, leo umekuwa mgeni?”

Ndipo Mak Zaiton alipomsikia mtafsiri akisema la kwake. “Kijana mama yake hakuweza kuja, dada. Leo mama yake ni mimi.”

Mak Zaiton akavitazama vile vikombe viwili, mvuke umeshakwisha. “Kunyweni basi, mimi sipiki nyingine!”

Hilo mwalimu hakulitafsiri. Aliitoa mikono mapajani, akainua kikombe, akanywa hadi mashapo. Abu Wadii alipomwona, akakinyakua chake.